Mjane wa Kinu Anahamia Cheptiret

Duka la Baiskeli, Eldoret
2 Machi 1975

Mpwa wangu Nangila,

Wananchi wote, wakiwemo ndugu, jamaa, na wale walionichoka, wanatangaziwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita mimi mjomba wako Walubengo nimeanza kuvaa miwani. Sherehe zilikuwa ndogo. Mbwa wa jirani alinibwekea kama mgeni. Mama mmoja mteja aliniita "Mwalimu" mara nyingi hata nikaona haya kumwambia mimi ni yule yule wa kuziba pancha. Nimeshaona vitu vingi ambavyo nilikuwa na raha bila kuviona, uso wangu ukiwa wa kwanza.

Tangazo likiisha hapo, pokea salamu. Mama yako Musimbi alipita hapa akitoka Kitale, akanywa chai, akasema umekonda na Nairobi haina mboga. Mvua bado. Watu wanalima huku shingo zikitazama juu.

Shamba letu la Cheptiret, lile tulilonunua kwa shea kutoka kwa yule mlowezi tuliyemwita Bwana Kofia, limepimwa na kila mtu anajua kigingi chake. Kilichobaki ni nyumba kubwa ya huyo Kaburu. Nyumba haipimwi kwa kamba. Mzee Nderitu, mwenyekiti wetu, alipendekeza kila mwenye shea achukue kipande: huyu dirisha, huyu bati, huyu beseni la kuogea. Mama Wahu akasimama. Huyo mama alifua shuka za nyumba hiyo tangu akiwa msichana, na kila siku alipita mlango wa jikoni. Akasema, "Huo mlango wa mbele hakuna wa kuung'oa kabla mimi sijauchoka." Basi nyumba ingali imesimama. Mama Wahu huja kila alasiri, hupanda ngazi za veranda, huingia kwa mlango wa mbele, huzunguka, hutoka kwa mlango wa mbele, kisha huenda zake kukama ng'ombe.

Barua yako ya Januari ilifika juzi. Ilipelekwa Kesses kwanza, sijui ilikuwa inamtafuta nani huko. Ati idara yenu ya filamu imekupa nafasi ya kutengeneza sinema yako mwenyewe, na katika hadithi zote za dunia umechagua "Mjane wa Kinu"! Mchezo wa Wazungu wa kale, mke wa bwana maendeleo wa enzi za ukoloni akautia Kiswahili, sisi tukauigiza ukumbi wa reli mwaka wa sitini. Mjane tajiri mwenye kinu cha kusaga, anampenda Tomasi anayebeba magunia yake. Mimi nilipewa kuwa Tomasi kwa kipaji changu kikubwa cha kuwa mbeba magunia kwenye ghala la mahindi. Sikuhitaji kufundishwa.

Unauliza aliyeigiza mjane yuko wapi siku hizi. Nitaulizia.

Wako wa miwani,
Mjomba Walubengo


Nairobi
30 Machi 1975

Mjomba mpendwa,

Hongera kwa macho mapya. Mimi ni mzima, na mboga ninakula, mwambie Mama. Chumba changu kinavuja pembe moja tu, kwa hiyo najihesabu mwenye bahati.

Nimecheka barua yako mpaka mwenzangu Chepkoech, anayeshughulikia mavazi, akaniuliza kama ni ya mchumba. Lakini Mjomba, mimi si mtoto. "Nitaulizia" maana yake nini? Mama ameniambia mjane wako wa jukwaani, Mwalimu Seline, anafundisha hapo hapo karibu na shamba lenu, na kwamba hajaolewa. Hilo la mwisho amelisema mara mbili. Kwani kuna nini?

Wacha nikueleze ninachotaka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile ya ukumbi wa reli, nimebanwa kati ya Mama na mama mwingine mnene. Sikumbuki maneno. Nakumbuka ulipopiga magoti, ukatoa kitambaa, ukapangusa tope kwenye kiatu cha yule mjane, na yeye akatazama kichwa chako kama mtu anayetazama chakula cha jirani. Watu wote wakanyamaza, hata walevi wa nyuma. Kila kitu nilichojifunza baadaye kuhusu kamera, nimekuwa nikitafuta namna ya kupiga picha ya kile kimya.

Sitaki kinu cha Ulaya. Mjane wangu ni Mwafrika, amenunua shamba la mzungu, na Tomasi ni dereva wake wa trekta. Jana wote walikuwa vibarua mahali pamoja. Leo mmoja anaitwa Madam. Kwenye jukwaa mjane anahutubia ukurasa mzima kusema anampenda. Mimi nimefuta hotuba yote. Kamera itakaribia mkono na kiatu, basi.

Wakubwa wangu wanataka nimchukue msichana wa matangazo ya sabuni. Ana uso mzuri, haujawahi kutamani kitu ukanyimwa. Nimeomba wangoje. Nikiwaletea mwanamke wangu kabla ya Agosti kwisha, sawa. Nisipomleta, ni sabuni.

Tafadhali nenda kwa Mwalimu Seline, umwombe awe mjane wangu. Na mwombe Mzee Nderitu nyumba.

Mpwa wako,
Nangila


Eldoret
25 Mei 1975

Nangila binti ya dada yangu,

Mvua imekuja, na imekuja na hasira. Mahindi yamesimama vizuri. Kuku wangu mmoja ametoweka, nami namshuku jirani ambaye mbwa wake alinibwekea. Mama yako anaumwa goti lakini hataki lisemwe, kwa hiyo sijalisema.

Nyumba umepata. Mzee Nderitu alipiga kengele ya reli wanayotumia mikutanoni, akauliza kama kuna anayepinga sinema. Mtu mmoja akauliza kama katika hiyo sinema mwenye nyumba atakuwa Mwafrika. Nikasema ndiyo. Wakapiga makofi kana kwamba ni mimi niliyeuleta Uhuru.

Sasa kuhusu lile jambo lingine. Wiki ya kwanza ya Aprili nilitaka kwenda, shule ikafungwa. Ilipofunguliwa, barabara ikawa uji. Barabara ilipokauka, baiskeli yangu ikakatika cheni, na fundi wa baiskeli, ambaye ni mimi, alikuwa na kazi za watu. Unaona jinsi dunia inavyonizuia.

Unasema unakumbuka kiatu. Mimi nakumbuka unga. Seline alikuwa msichana, na mjane anatakiwa awe mtu mzima, basi tulimpaka unga wa ngano kwenye nywele. Kila akigeuza kichwa, wingu dogo linapanda. Alikuja mazoezini kwa gari la kanisa, Moris, kwa sababu baba yake alikuwa mchungaji, na mchungaji mwenyewe alikaa kiti cha mbele kila jioni akiwa amekunja mikono, kuhakikisha mjane hampendi Tomasi kupita skripti. Mimi nilitoka ghalani nikiwa na vumbi la mahindi. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa weupe, mmoja kwa sanaa, mwingine kwa mshahara.

Mke wa bwana maendeleo alikuwa akiniambia, "Tomasi, unapiga magoti vizuri sana, umejifunza wapi?" Nilitaka kumwambia aulize kwa nyapara. Seline ndiye aliyemjibu. Akasema, "Madam, hapo hajajifunza. Hapo anapumzika." Watu wakacheka, mimi pia. Baadaye alinitafuta nyuma ya pazia akaniambia hakukusudia kunicheka mimi, alikusudia kumsuta yule. Nilimpa chungwa.

Baada ya siku ya maonyesho, Moris ikaondoka naye. Mimi nikarudi kwa magunia yangu, kisha nikamwoa marehemu Virginia, ambaye alikuwa mke mwema, na hilo hata wewe unalijua. Ya zamani ni ya zamani.

Nina swali moja la kitaalamu. Jukwaani mtu alikuwa mbali na watu. Hiyo kamera ikishakaribia hivyo, mtu anajificha wapi?

Mjomba wako


Nairobi
29 Juni 1975

Mjomba,

Pole kwa kuku. Salamu kwa goti ambalo haliumwi.

Umeniandikia kurasa nne. Nimezisoma zote mara mbili nikitafuta mahali umesema, "Nimeongea naye." Sijapaona. Nimeona cheni, uji, na chungwa.

Kuhusu swali lako: hajifichi. Ndiyo maana ninamtaka yeye.

Jana mkubwa wangu alimleta msichana wa sabuni ofisini bila kuniambia. Nilimpa kiatu nikamwomba akitazame kama kitu anachokitamani. Akauliza kama ni cha kuuzwa. Mjomba, hii ni nafasi yangu ya kwanza na huenda hakuna ya pili. Wasichana tuliofika hapa tunahesabika kwa mkono mmoja, na kuna wanaongoja nianguke ili waseme, si tuliwaambia.

Anti Virginia nilimpenda. Alinisuka nywele mpaka nikaingia sekondari. Ana miaka mitano sasa tangu apumzike, na sidhani huko aliko anakagua unakokwenda na baiskeli.

Unaogopa nini? Akikataa sinema, ni mimi atakuwa amenikataa, si wewe.

Au siyo?

Nangila


Eldoret
17 Agosti 1975

Mpwa wangu mwenye ulimi,

Sisi wazima. Kuku alirudi na vifaranga, nimemwomba jirani msamaha kimoyomoyo.

Nimekwenda.

Nilipitia shamba la shule, kupita nyuma ya jiko, kwa sababu mbele kulikuwa na wanafunzi na mimi sipendi kutazamwa nikisukuma baiskeli. Alikuwa anawafundisha wasichana kupanda sukumawiki. Ana mvi sasa, Nangila. Za kwake mwenyewe, hakuna unga. Akaninyooshea kidole cha udongo.

"Tomasi," akasema, "hata leo unapitia jikoni?"

"Shikamoo, Mwalimu."

"Shikamoo ya nini, kwani nimekuzaa? Umekuwa wapi?"

"Mjini."

"Mjini ni hapo. Nilidhani ulikwenda Kongo."

Nikamweleza habari zako zote, mjane, trekta, sabuni. Alisikiliza huku akipanda. Akauliza kama hotuba ndefu imo. Nikasema umeifuta. Akasema, "Huyo mtoto ana akili, ile hotuba ilinikausha koo." Kisha akakubali, lakini kwa sharti, na sharti lenyewe silipendi. Anasema huyo kijana wenu wa Nairobi anaweza kuwa Tomasi kila mahali, ila mkono wa kupangusa kiatu usiwe wake. Uwe wangu. Nilimwambia mikono yangu ina mafuta ya cheni yasiyotoka hata kwa sabuni ya yule msichana wenu. Akasema, "Ndiyo sababu." Amua wewe. Ukikataa sitakasirika. Nitalala usingizi mzuri.

Sasa kuna balaa. Mzee Nderitu ameitisha mkutano mwingine kwa sababu watu wamesikia jinsi mchezo unavyoisha, kwamba Tomasi anafukuzwa na mjane, anafunga kifurushi na kutoka kwa mlango wa jikoni. Hapo wenye shea wamewaka moto. Wanasema nyumba ni yao, na linalotendeka ndani ya nyumba ni la kamati. Kabiru akasema Tomasi apewe ekari. Murunga akasema mjane aolewe na mambo yaishe. Mama Wahu akasimama, na ukimwona Mama Wahu amesimama, ujue ajenda imekwisha. Akasema, "Mimi sijui sinema. Najua hivi: katika nyumba hii hakuna Mwafrika atakayetoka tena kwa mlango wa jikoni na kifurushi. Hata kwa uongo." Mzee Nderitu akahesabu mikono. Imepita.

Nilijaribu kuwaeleza kwamba sanaa haipigiwi kura. Murunga akaniuliza nina shea ngapi. Nikakaa.

Mjomba wako mjumbe wa mabaya


Nairobi
9 Novemba 1975

Mjomba mpendwa,

Tulifika salama ingawa lori liligoma njiani. Chepkoech anakusalimu. Eliakim wa kamera anasema baiskeli uliyomtengenezea inakwenda kuliko lori la serikali.

Filamu imeunganishwa. Niliwaonyesha wakubwa Jumanne. Nilikuwa nimejiandaa kutetea ule mwisho, maana nilivyolia kwa ajili ya mlango wa jikoni unajua. Nilidhani kamati yenu imeniua. Unakumbuka nilikaa kwenye ngazi siku nzima nisijue la kufanya, mpaka Mwalimu Seline akaniambia, "Basi atoke mbele. Mimi mwenyewe nitamfungulia." Nikamwambia, Mwalimu, huko ni kumheshimu, na yeye anamfukuza. Akasema, "Ndiyo. Jaribu uone kama hakuna maumivu." Mjomba, anapofungua ule mlango mkubwa, anasogea kando na kumpisha kama mgeni wa heshima. Hapo ndipo unaona kwamba amempoteza. Ule wa jikoni ungemwacha na hasira. Huu unamwacha bila kitu. Mkubwa wangu aliomba kuona tena. Imepita, na nimeambiwa nifikirie nyingine. Mwambie Mama Wahu.

Sasa niambie wewe. Siku ya mwisho, tulipokuwa tunafunga vifaa, nini kilitokea? Mama ameandika kwamba Mama Wahu alikuona ukilia. Eliakim anaapa ulianguka kutoka verandani. Chepkoech anasema alikusikia wewe na Mwalimu mkigombana. Mimi nilikuwa nahesabu makopo ya filamu, sikuona chochote.

Nataka ukweli, bila kuku.

Nangila


Eldoret
30 Novemba 1975

Nangila,

Mama yako mzima. Kwetu baridi. Mengine nitaruka kwa sababu umeniagiza.

Unakumbuka tulipokuwa tunapiga ile picha ya kiatu. Ulituambia sauti haichukuliwi, kamera inatazama mikono tu, tuongee lolote mradi nisiinue kichwa. Nyinyi mlikuwa huko nyuma ya mitambo yenu. Basi tuliongea. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, nawe ukapaza sauti, "Mjomba, tulia!"

Seline akaninong'oneza kutoka juu, "Umesikia? Tulia. Ni kiatu tu."

Nikasema, "Sitetemeki kwa ajili ya kiatu. Natetemeka kwa sababu nataka kukuuliza jambo."

"Hapa chini?"

"Nikisimama sitaweza."

Akasema, "Haya. Lakini uliza vizuri, usinizungushe kama ulivyomzungusha mtoto wa watu kwa cheni na matope." Kumbe ulimwonyesha barua zangu! Hilo tutaliongea siku nyingine.

Nikamwuliza vizuri. Nilisema mimi ni mfiwa, nina duka, nina kigingi hapa Cheptiret, na kwamba mwaka wa sitini sikuwa naigiza. Nilisema yote hayo nikikitazama kiatu. Na wewe, Mungu akubariki, ukapiga kelele, "Safi kabisa! Endelea hivyo hivyo!"

Hakunijibu pale. Alinijibu verandani, mlipokuwa mnafunga vifaa. Aliyesikia ugomvi alisikia sauti yangu tu, kwa sababu nikiogopa huongea kama niko kinuni. Nilimwuliza jibu liko wapi. Yeye alisema polepole, na nitakuandikia kama alivyosema, maana tangu siku ile nimekuwa nikiyarudia maneno yake nikiziba pancha.

Alisema, "Walubengo, yule mjane alimtaka Tomasi kwa sababu alikatazwa kumtaka. Mimi pia. Mwaka ule nilikuwa nakutazama, na nilikuwa najua Baba ameketi pale ananitazama nikikutazama. Sijui kama nilikupenda wewe au nilipenda kukatazwa. Sasa Baba hayupo. Bwana Kofia hayupo. Nyumba ni yetu. Hata kamati yenu ingepiga kura ya ndiyo leo hii, na Mama Wahu angeimba. Hakuna hata mtu mmoja anayenikataza. Wacha nione kama kitu chenyewe bado kipo."

Nikamwuliza, "Itachukua muda gani?"

"Kwani hujui kungoja?"

"Hilo tu ndilo ninalojua."

Akacheka, akaingia ndani. Nikageuka kumtazama huku nikishuka, nikakosa ngazi. Kwa hiyo Eliakim asiape tena, ni kweli, nilianguka, na kwa sehemu ya mwili isiyofaa kuandikwa.

Na Mama Wahu pia amesema kweli. Nililia, nikiwa nasukuma baiskeli kuelekea barabara kuu. Usidhani ni kwa kukataliwa, maana sijakataliwa. Miaka yote hii nilijiambia kwamba binti wa mchungaji hakuniona hata kidogo, kwamba aliona gunia lenye miguu. Nilikuwa nimeizoea hiyo, nilikuwa naishi nayo vizuri, naifanyia mzaha. Sasa mtu ananiambia, nilikuwa nakutazama. Hivi, Nangila, mtu wa umri wangu anafanya nini na habari kama hiyo? Nilisimama karibu na duka la mwisho, nikajifanya naangalia tairi.

Kweli iliyobaki ni hii, na sitaiongezea sukari. Tangu mwondoke nimekuwa nikienda kwake Jumapili baada ya kanisa. Napita mbele, mbele ya wanafunzi, wananicheka. Hatuongei mambo makubwa. Ananisomea makosa ya wasichana katika insha. Mimi namweleza watu walivyo wakaidi kuhusu breki. Kuna Jumapili moja hakutaka wageni, akaniambia hivyo hivyo mlangoni, nikarudi mjini. Nyingine alinipikia. Sijui lolote zaidi ya hapo, na anayekwambia anajua, hata awe mama yako, anabuni.

Leo nimekwenda tena. Nilijipa moyo nikamwuliza kama ameshaona. Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alinipa jembe, akachukua lake, akaanza kuchimba viazi kutoka upande ule wa tuta, nami nikaanza kutoka upande huu.

Mjomba wako,
Walubengo